Mbwa Asiyetaka Kelele

Msomaji, katika nchi ya Uingereza yuko mbwa ambaye hana daftari la ukoo, wala hatambuliwi na chama kinachoandikisha mbwa wa damu safi. Hata hivyo historia yake ni ndefu kuliko ya wengi waliomo katika daftari hilo. Jina lake ni lacha. Yeye si mbwa wa mbegu moja, bali ni chotara. Upande mmoja ametoka kwa greihaundi, yule mbwa mwembamba wa mbio awindaye kwa macho. Na upande wa pili ametoka kwa mbwa wa kazi, ambaye mara nyingi huwa ni koli, mbwa wa wachungaji wa kondoo. Greihaundi humpa miguu na mapafu. Koli humpa akili, manyoya ya kustahimili mvua, na jambo la tatu ambalo ndilo nililokusudia kukueleza, yaani moyo mwepesi wa kuumia. Neno moja la ukali laweza kumfanya ajikunyate kutwa nzima, na fimbo moja yaweza kumharibu kabisa.

Huwezi kumwelewa mbwa huyu bila kuzijua sheria za uwindaji za Waingereza. Wafalme Wanormani, waliotwaa nchi hiyo mwaka 1066, walitenga misitu mikubwa kuwa mahali pao pa kuwinda, na mbwa wakubwa wa watu waliokaa humo walikatwa kucha tatu za mguu wa mbele ili wasiweze kumfukuza kulungu. Hati ya Misitu ya mwaka 1217 haikuiondoa desturi hiyo. Iliiwekea mipaka tu. Mnamo mwaka 1390 ikapigwa sheria kwamba mtu asiye na ardhi ya kumpatia shilingi 40 kwa mwaka asifuge greihaundi wala mbwa mwingine wa kuwinda. Kufika mwaka 1671 kipimo kilikuwa kimepandishwa hata pauni 100 kwa mwaka, fedha ambayo mkulima wa kawaida hakuiota hata usingizini. Sheria hiyo ya 1671 iliwapa walinzi wa mabwana wenye ardhi uwezo wa kuwanyang'anya watu bunduki, nyavu na mbwa, na miongoni mwa mbwa waliotajwa humo ni lacha kwa jina lake.

Basi fikiri hali ya kibarua wa shamba. Sungura wanakula mboga zake mbele ya macho yake, watoto wake hawajaonja nyama kwa siku nyingi, na sungura hao si wake. Ikiwa ana mbwa mwenye umbo la greihaundi, atashukiwa mara moja. Lakini mbwa mwenye manyoya ya ovyo, afananaye na mbwa wa mchungaji, aweza kupita njiani nyuma ya bwana wake pasipo kutazamwa sana. Sisemi kwamba wote walioiba mawindo walikuwa na njaa. Wako waliokuwa wakiuza kwa wachuuzi wa mijini na kupata faida nzuri. Lakini wengi walikwenda kwa ajili ya sufuria ya nyumbani. Wenyeji wa Kenya wataielewa habari hii upesi, kwa maana sheria za wanyama zilizoletwa hapa na Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20 zilitoka katika mawazo yale yale: mwenye leseni na bunduki aliitwa mwindaji, na Mkamba mwenye upinde wa babu yake akaitwa mwizi.

Adhabu haikuwa ndogo. Kwa sheria ya mwaka 1828, mtu aliyekamatwa akiiba mawindo usiku kwa mara ya tatu aliweza kuhamishwa ng'ambo ya bahari kwa miaka saba. Hapo ndipo utakapoona kwa nini kazi yote ilifanywa kimya. Mwenye lacha hakuthubutu kupiga mluzi, sembuse kuita jina. Mbwa aliyebweka mara moja tu gizani alikuwa amemwita mlinzi. Alimpasa mbwa huyo kwenda kwa ishara ya mkono, kulala shimoni kwa ishara nyingine, kumkamata sungura na kumleta hai mkononi bila kumtafuna, kisha kurudi pembeni mwa bwana wake kama kivuli. Kiumbe wa namna hiyo hapatikani kwa kupigwa. Mbwa aliyepigwa hukaa mbali na mkono, naye huyo aliyehitajiwa alipaswa kuupenda mkono ule kuliko sungura aliye mdomoni mwake.

Sifa hiyo ya kumtazama mtu na kuzisoma ishara zake ndogo ilitoka kwa koli. Wachungaji wa milima ya Scotland na mipaka yake walikuwa wakichagua, kizazi baada ya kizazi, mbwa awezaye kutii mluzi ulio mbali sana mlimani. Sikio lisikialo mluzi huo husikia pia hasira iliyojificha katika sauti. James Hogg, mchungaji aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri, na aliyefariki mwaka 1835, ametusimulia habari za mbwa wake Sirrah. Alimnunua kwa ginea moja kutoka kwa mswaga ng'ombe aliyekuwa akimvuta kwa kamba, mbwa amekonda, amenuna, wala hajawahi kumgeuza kondoo hata mmoja. Lakini alipotambua kwamba kazi hiyo humfurahisha bwana wake, alijifunza kwa shauku kubwa mno. Usiku mmoja wanakondoo 700 walikurupuka na kutawanyika makundi matatu gizani. Hogg na mwenzake walitafuta hata alfajiri, wakawa wanarudi kumwungamia mwenye mali, walipowakuta wanakondoo bondeni na Sirrah amesimama mbele yao akiwalinda. Hakupotea hata mmoja. Hakuna aliyemwamuru.

Wachungaji walianza kushindanisha mbwa wao hadharani huko Bala, nchi ya Wales, mwaka 1873, na mshindi alikuwa Mskoti, James Thomson, pamoja na mbwa wake Tweed. Miaka 20 baadaye, mwaka 1893, Adam Telfer wa Northumberland akazalisha mbwa aliyeitwa Hemp. Baba yake Roy alikuwa mchangamfu. Mama yake Meg alikuwa mwenye haya na macho makali. Hemp alifanya kazi kwa utulivu, akiwaongoza kondoo kwa macho tu, na karibu koli wote wa kazi wa leo wana damu yake. Kwa hiyo mtu anayemchanganya greihaundi na koli wa siku hizi huchukua pia, apende asipende, ile haya ya Meg.

Kwa Kiingereza kumfundisha mbwa wa kuwinda kuliitwa kumvunja, na wengi walilichukua neno hilo kwa maana yake halisi. Lakini mwaka 1848 W. N. Hutchinson, mwanajeshi, alichapa kitabu chenye neno hilo hilo katika jina lake, huku akishauri upole, maneno machache, na ishara za mkono. Yeye alisema juu ya mbwa wa bunduki. Wenye lacha walikwisha kulijua jambo hilo kwa kulazimishwa na giza.

Mafunzo yenyewe huanzia nyumbani. Mtoto wa lacha hutupiwa ngozi ya sungura iliyojazwa matambara, katika ujia mwembamba asimoweza kukimbilia upande. Anapoirudisha, usimnyang'anye; chuchumaa, mpapase kifuani, mwache aishike kidogo na kujivunia. Ukimfukuza ili uipate, umemfundisha kukimbia. Dakika tano zatosha, na uache angali na hamu. Mapema kabisa atembezwe kwa ugwe katikati ya kuku na kondoo, azoee kuwapita bila kuwajali, kwa sababu lacha auaye kondoo hufa kwa risasi ya mkulima. Akikosea, neno moja la sauti ya chini litoke papo hapo. Likitoka baadaye halifahamu, analojua ni kwamba umemkasirikia. Wala asikimbizwe kwa nguvu kabla ya kutimiza mwaka, mifupa yake haijakomaa. Makosa makubwa hufanywa na mtu mwenye haraka, ambaye humpeleka mbwa wa miezi sita shambani, akashindwa kukamata, akakaripiwa. Mbwa wa ukoo mwingine husahau. Huyu husimama mwaka mzima penye ua ule ule, akitazama nyuma kuona kama bwana wake amekasirika.

Sharti la kumiliki ardhi liliondolewa mwaka 1831, na mwaka 1880 wakulima wapangaji wakaruhusiwa kuwaua sungura wa mashamba waliyoyalima. Sheria ya 2004 imekataza kuwinda wanyama wengi kwa mbwa katika England na Wales, ila sungura wa mashimoni na panya wakaachwa, kwa idhini ya mwenye ardhi. Malacha wengi siku hizi hulala sebuleni. Wengine huokotwa barabarani na kupelekwa katika nyumba za kutunzia mbwa waliotupwa, na humo, mbwa wa namna hii akijibana pembeni, mtunzaji huketi sakafuni, akampa ubavu badala ya uso, akaweka mkono wazi juu ya goti, na kungoja bila kusema neno.