Mahindi ya 2004 na Daftari la DNA

Wasee wa Kitui na Makueni, wengi wetu mwaka 2004 tulikuwa wachanga ama hata hatujazaliwa. Kwa hivyo wacha nikumbushe. Kati ya Januari na Julai mwaka huo watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao kutoka kwetu. Kilichowaua ni aflatoksini, sumu ya kuvu inayomea kwenye mahindi yaliyowekwa ghalani kabla hayajakauka. Mahindi yale yale ya muthokoi na isyo.

Hiyo sehemu wazee wanaijua. Sehemu yenye hatusimuliwi ni kilichofuata.

Watafiti walichukua mahindi, wakaotesha kuvu, na 2007 wakatangaza mhusika: Aspergillus flavus, aina ya S. Ungedhani kesi imefungwa. Lakini 2012 wengine walilinganisha DNA yake na ya kuvu za kwingineko, wakakuta hii ya kwetu ni ukoo wake tofauti. Tafiti za baadaye zikauweka karibu na spishi nyingine, Aspergillus minisclerotigenes. Jina liliweza kurekebishwa kwa sababu moja tu: kuvu na herufi za DNA zilikuwa zimetunzwa.

Na si mambo ya majina tu. Aflasafe KE01, inayomwagwa shambani, ni aina nne za kuvu za hapa Kenya zisizotoa sumu, zinazoshindana na zile mbaya. Huwezi kuzichagua kama hujui nani ni nani kwenye udongo wako.

Sasa, DNA hutunzwaje? Mashine za kisasa husoma vipande vifupi, mamilioni kwa mamilioni. Kila kipande huingia kwenye faili ya FASTQ kwa mistari minne, na mmoja wao unaonyesha mashine ina uhakika kiasi gani kwa kila herufi. Yaani faili inabeba jibu pamoja na shaka yake. Ukitupa vipande ubaki na jibu la mwisho, kesho hakuna wa kukukosoa.

Ndiyo maana Marekani ilianzisha hifadhi ya Sequence Read Archive mwaka 2007. Programu zake hukandamiza faili, huzipa namba, na huziunganisha na rekodi ya sampuli: ilitoka wapi, lini. Nakala hubadilishwa na Uingereza na Japani. Safi. Lakini Februari 2011 Wamarekani walitangaza wataifunga kwa sababu ya bajeti. Baadaye mwaka huo huo pesa ikapatikana, ikaendelea. Jiulize: nani wa Wote ama Mwingi alikuwa kwenye hicho kikao?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi chuo niliacha, lakini hii hesabu haihitaji digrii. Sisemi tutoe data yetu huko nje, ibaki. Nasema nakala kamili ikae pia hapa, na mtu wa hapa alipwe kuitunza. SEKU iko Kitui, na vijana wa kompyuta tunao. Kaunti zikitenga pesa ya maghala ya mahindi, zitenge na ya seva.

Watu 125 walilipa bei ya huo ujuzi. Tusiuache uishi kwa bajeti ya mtu mwingine.