Mkulima apime shamba kabla ya kulaumu mbegu

WAKULIMA wengi wenye mashamba madogo nchini hukadiria mavuno kwa idadi ya magunia yaliyoingia ghalani. Kipimo hicho hupotosha. Gunia la mahindi yenye unyevu halilingani na la mahindi makavu, na shamba linaloitwa ekari moja huenda halijawahi kupimwa.

Tija ni mavuno yakilinganishwa na ukubwa wa ardhi, gharama na siku za kazi. Ili kuijua, mkulima anahitaji kamba, vigingi vinne na mizani.

Kabla ya kuvuna, apime mraba wa mita 5 kwa mita 5, bila kuchagua penye mimea iliyostawi zaidi. Avune humo, apukuchue, akaushe na kupima uzani. Ekari moja ina takriban mita mraba 4,047, yaani miraba 162 ya aina hiyo. Mraba ukitoa kilo 10, ekari itatoa kilo 1,620, sawa na magunia 18 ya kilo 90. Ni vyema kupima sehemu tatu au zaidi na kupata wastani.

Mahindi ya kuhifadhiwa yasizidi unyevu wa asilimia 13.5. Gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 25 hubaki na kilo 78 hivi likikaushwa hadi kiwango hicho. Nafaka isiyokauka huota ukungu unaoweza kutoa sumu ya aflatoksini, iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka wa 2004.

Mraba huo pia huonyesha kiini cha tatizo. Mahindi yakipandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 25, mbegu moja kila shimo, unapaswa kuwa na mimea ipatayo 133. Ikiwa 90 pekee, kuongeza mbolea hakutaziba pengo. Mimea ikitimia lakini mahindi yawe madogo, udongo upimwe. Udongo wenye asidi nyingi huinyima mimea fosforasi, na chokaa ya kilimo huirekebisha hali hiyo.

Mabadiliko yoyote yajaribiwe kwanza katika nusu ya shamba, kisha mavuno na gharama za pande zote mbili zilinganishwe. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.