Pikipiki mpya, umeme unazingua: Waya wa kwanza ukikatwa, waranti inakufa

Pikipiki mpya haitakiwi kupigwa kiki ndani ya mwezi wa kwanza kwa sababu betri imelala. Lakini kwenye vijiwe vya Mbeya na Iringa, kuanzia Mwanjelwa na Uyole hadi Ipogolo na Kihesa, malalamiko ya namna hiyo ni ya kawaida: stata haipigi, honi inakoroma, indiketa zinawaka bila kupepesa, taa inazima ukikata kona.

Kwa dereva wa mkataba, yaani anayelipa hesabu kila siku hadi chombo kiwe chake, siku ya gereji ni deni. Tuseme hesabu ni Sh10,000 kwa siku. Siku nne za kutafuta tatizo ni Sh40,000 ambazo bosi bado anazidai, na nyumbani wanasubiri kula. Ndiyo maana wengi hukimbilia kwa fundi wa karibu. Waya unakatwa, tepu nyeusi inazungushwa, kazi inaendelea. Hapo ndipo kosa la muuzaji linapogeuka kuwa mzigo wa dereva, kwa kuwa waranti nyingi hufa mara tu mfumo wa waya unapoguswa na fundi asiyetambuliwa na duka.

Kosa lipo kiwandani au dukani?

Pikipiki nyingi zinazopiga kazi Nyanda za Juu Kusini zinatoka India, kama Boxer na TVS, au China, kama Haojue na SanLG. Nyingi husafirishwa kwenye makasha zikiwa hazijakamilika: usukani, tairi la mbele, taa, vioo na betri vinafungwa huku huku nchini. Kwa hiyo "upya" wa pikipiki unategemea pia mikono ya mtu aliyeifunga, na kama alikuwa na haraka ya kumaliza nyingine tano kabla ya jioni, itaonekana.

Makosa ya ufungaji yana dalili zake. Waya zinazopita shingoni, chini ya usukani, zikibanwa au zikivutwa sana, umeme hukatika usukani ukigeuzwa upande mmoja. Soketi isiyosukumwa hadi mwisho hushika vizuri dukani, kisha huachia kwenye makorongo ya barabara ya vumbi. Boliti ya arthi ikifungwa juu ya rangi badala ya chuma kitupu, vitu vinavuruga kwa pamoja: ukibonyeza honi, taa inafifia, ukiwasha indiketa, honi inalegea. Fundi asiyejua atauza betri mpya, kumbe kinachotakiwa ni kukwangua rangi kidogo na kukaza boliti moja.

Kipimo cha usukani hakihitaji kifaa. Pikipiki ikiwa imewashwa na haiendi popote, taa zote zikiwaka, usukani unageuzwa mpaka mwisho kushoto, kisha kulia. Taa ikipepesa au injini ikizima, kuna waya umebanwa. Mnunuzi anayefanya hivyo kabla hajalipa anaokoa safari nyingi za kurudi.

Betri iliyomwagiwa asidi na kuuzwa siku hiyo hiyo

Hii ndiyo kesi inayosumbua kuliko zote, na ni ngumu kuithibitisha. Betri nyingi za pikipiki za bei ya kawaida hufika zikiwa kavu. Utaratibu ni kujaza asidi, kuiacha itulie nusu saa hivi, kisha kuichaji taratibu kwa saa kadhaa kwa mkondo wa kama moja ya kumi ya uwezo wake. Betri ya ampea-saa 5, kwa mfano, huchajiwa kwa nusu ampea.

Duka lenye foleni haliwezi kusubiri. Asidi inamwagwa, stata inapigwa, pikipiki inawaka, mteja anafurahi. Betri hiyo ina moto wa kuwasha siku ile, ila haijawahi kujaa, na mara nyingi haitakaa ijae tena hata ikichajiwa na pikipiki yenyewe. Baada ya wiki chache inaanza kulala. Mwezi Juni na Julai, baridi ya alfajiri ya Mufindi au Uyole inaimalizia kabisa, kwani betri hupoteza nguvu kwenye baridi wakati huo huo oili ya injini inakuwa nzito na stata inahitaji nguvu zaidi.

Mteja akirudi anaambiwa betri haina waranti. Na mara nyingi ni kweli: balbu, fyuzi, plagi na betri ndizo vitu vya kwanza kutolewa kwenye karatasi ya waranti, au hupewa muda mfupi kuliko injini. Karatasi hiyo isomwe kabla ya hela kutoka mfukoni.

Namba tatu za kwenye mita

Mita ndogo ya kupimia umeme huuzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme na redio, na kijiwe kizima kinaweza kuchanga kununua moja. Inamaliza ubishi mwingi.

Pikipiki ikiwa imelala usiku kucha, betri nzuri inasoma kama volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma chini ya 12.4 haijajaa, na ikiwa karibu na 12.0 imekwisha moto. Kisha injini inawashwa na kupigwa resi ya wastani. Namba inapaswa kupanda hadi kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Isipopanda, betri haichajiwi, na tatizo liko kwenye koili ya kuchaji, regulata au waya unaoziunganisha. Kununua betri nyingine ni kutupa hela. Ikipita 15, regulata imekufa: balbu zitaungua moja baada ya nyingine na betri itachemka hadi maji yake yapungue.

Pikipiki mpya inayosoma 14 ikiwa kwenye resi na 12.1 kila asubuhi inavujisha umeme usiku, au betri yake ilianza vibaya. Namba hizo, zikiandikwa na tarehe na kupigwa picha kwa simu, zina uzito dukani kuliko maelezo ya "inazingua tu".

Taa inayofifia kwenye mteremko

Kuna jambo ambalo wengi hulidhania ni ubovu, kumbe pikipiki imetengenezwa hivyo. Kwenye pikipiki nyingi za bei nafuu, taa kubwa haitumii betri. Inapata umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili za injini, hivyo resi ikishuka, mwanga unashuka. Mjini haisumbui sana. Inasumbua kwenye mteremko wa Kitonga usiku, katikati ya malori ya TANZAM, au kwenye ukungu wa safu ya Uporoto kati ya Uyole na Tukuyu, ambako dereva anatembea taratibu na mwanga unabaki kama wa kibatari.

Waranti haitalipa hilo kwa sababu si kosa. Wapo wanaohamishia taa kwenye betri, lakini koili ya kuchaji isipokuwa na uwezo, betri itaishiwa. Balbu ya taa kubwa kwenye pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 ni wati 35, karibu ampea 3. Ukiongeza taa mbili za wati 20 kila moja, redio yenye spika na chaja ya simu, umezidisha mzigo mara mbili na zaidi. Fyuzi ikiungua, inayowekwa ni ya ampea zile zile. Nyuzi za waya au karatasi ya sigara mahali pa fyuzi maana yake kitakachoungua ni wiringi yote, na inapita chini ya tenki la petroli.

Plagi nyeusi si lazima iwe umeme

Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 15. Pikipiki ya kabureta iliyosetiwa kwa hewa ya pwani inapopandishwa huku, petroli inakuwa nyingi kuliko hewa: plagi inapiga masizi, pikipiki inakosa nguvu kwenye mlima na kugoma kuwaka asubuhi. Dalili zinafanana na CDI mbovu, na CDI nyingi nzima zimetupwa kwa sababu hiyo. Plagi ifunguliwe kwanza. Ikiwa nyeusi na kavu kama mkaa, kabureta isetiwe kabla ya kugusa kitu cha umeme.

Maji nayo ni habari nyingine. Rungwe mvua hainyeshi kwa msimu mmoja tu, na soketi zisizo na raba huota ukoga wa kijani. Kuosha pikipiki kwa mashine ya presha na kuelekeza maji chini ya siti na kwenye swichi za usukani kunaleta hali hiyo hata kiangazi.

Kurudi dukani

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura 214, inamtaka muuzaji anayefanya biashara ya bidhaa fulani kuuza kitu kinachofaa kwa kazi yake na chenye ubora wa kuuzika. Ila ina kipengele kinachowaponza wengi: mnunuzi aliyeikagua bidhaa hawezi kudai kwa kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha. Honi isiyolia siku ya kuchukua pikipiki iandikwe kwenye karatasi ya makabidhiano pale pale. Kasoro iliyojificha, kama waya uliobanwa ndani ya shingo, bado ni ya muuzaji.

Risiti ya EFD, karatasi ya waranti, na picha za mita ndivyo vya kubeba. Duka likigoma, malalamiko ya mlaji yanapelekwa Tume ya Ushindani (FCC), iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya 2003. Kwa suala la bidhaa isiyo na viwango yupo TBS, ambaye ana ofisi ya kanda Mbeya.

Tatizo la dereva wa mkataba ni kwamba risiti na kadi vina jina la bosi. Duka linaweza kumwambia si mteja wao. Kwa hiyo taarifa ya kwanza, hata kabla ya fundi, inakwenda kwa bosi, kwa ujumbe wa simu unaoonyesha siku na saa. Mikataba mingine ni ya mdomo tu. Ile ya maandishi inaweza kuongezewa mstari unaosema siku ambazo chombo kiko dukani kwa waranti hazihesabiwi kwenye hesabu. Mstari huo unajadiliwa siku ya kusaini, pikipiki ikiwa bado na nailoni kwenye siti.