"Msanii ni Zao la Jamii Yake": Je, Nani Anayevuna? Funzo Kutoka Jimbo la Mississippi

UTANGULIZI

Ndugu msomaji, kama umewahi kuketi katika chumba cha mtihani wa fasihi, bila shaka unaifahamu sentensi hii: msanii ni zao la jamii yake. Sote tumeiandika. Mimi binafsi nimeiandika mara nyingi mno, hata nadhani mkono wangu unaijua kuliko kichwa changu. Nilipokuwa mwaka wa kwanza niliifungulia insha, kisha nikaendelea kudai kwamba dhiki ndiyo mama wa sanaa kubwa. Mfano wangu ulikuwa muziki wa bluzi wa Wamarekani Weusi: walionewa, wakalia, kilio kikawa wimbo. Basi. Nilipewa alama nzuri tu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba alama zile sikuzistahili.

Nitalitazama jimbo moja la Marekani, yaani Mississippi, na wasanii waliozaliwa humo. Sikulichagua kwa kubahatisha. Ndilo jimbo ambalo watu husema, "Ona, maskini kuliko yote, lakini limezaa wasanii kuliko wote!" Husemwa kana kwamba neno la kwanza limelizaa la pili. Sasa tujiulize: ni kweli?

JIMBO NA WATU WAKE

Mississippi iliingia katika muungano wa Marekani mwaka 1817. Ni jimbo dogo kwa watu, hata leo hawafiki milioni 3. Lakini tazama majina. Charley Patton, Robert Johnson, Muddy Waters, Howlin' Wolf, John Lee Hooker na B.B. King, wote ni wa huko. Jimmie Rodgers, anayeitwa baba wa muziki wa kantri, alizaliwa huko 1897. Sam Cooke alizaliwa Clarksdale 1931, na Elvis Presley alizaliwa Tupelo 1935 katika nyumba ya vyumba viwili. James Earl Jones, ambaye wengi wetu tunaijua sauti yake kwa Mufasa, baba yake Simba katika ile filamu ya katuni ya 1994, alizaliwa Arkabutla 1931. Jim Henson, mtengenezaji wa vikaragosi, alizaliwa Greenville 1936. Oprah Winfrey naye alizaliwa Kosciusko 1954.

Zao kuu la jimbo hilo lilikuwa pamba. Utumwa ulipokwisha baada ya vita vya 1861 hadi 1865, pamba haikukoma, na wachumaji walibaki walewale. Wengi walilima kwa mkataba wa kugawana mavuno. Mwenye shamba alitoa ardhi, mbegu na chakula cha mkopo kutoka duka lake mwenyewe, na mkulima alitoa jasho. Mwisho wa mwaka hesabu ilifanywa na mwenye shamba, kwa kalamu yake, katika daftari lake. Mara nyingi mkulima aliambiwa kwamba bado anadaiwa. Katiba ya jimbo ya 1890 nayo iliweka kodi na mitihani ya kusoma ili kumnyima Mtu Mweusi kura. Kwa hiyo hakuwa na mahali pa kulalamikia hesabu ile.

Hiyo ndiyo dhiki. Siikatai, wala simwambii mtu aipuuze. Ninachokataa ni lile neno letu jepesi, "ikazaa".

DHIKI PEKE YAKE HAIIMBI

Kama dhiki ingetosha kuzaa sanaa, basi kila mahali penye dhiki pangekuwa na akina Patton wanaojulikana duniani. Pamba ililimwa pia Alabama, Georgia na Arkansas, na dhuluma ilikuwepo huko kote. Ndani ya Mississippi yenyewe palikuwa na gereza la Parchman, ambalo lilikuwa shamba kubwa la pamba linalolimwa na wafungwa. Mwanamuziki Son House alifungwa hapo. Bukka White alifungwa hapo pia, na mwaka 1939 alirekodiwa akiwa mfungwa. Vernon Presley, babake Elvis, aliingizwa hapo 1938 kwa kosa la kughushi hundi. Lakini wafungwa wa Parchman walikuwa maelfu kwa maelfu. Hao wengine, je, dhiki yao ilikuwa pungufu?

Kwa hiyo lazima kulikuwa na kitu kingine. Mimi naona vilikuwepo vitu vitatu, na vyote ni kazi ya watu.

Kwanza, palikuwa na mkusanyiko. Mashamba ya bonde la Mississippi yalihitaji mikono mingi, na penye mikono mingi pana masikio mengi. Katika shamba la Dockery, lililoanzishwa 1895, Charley Patton aliishi na kupiga gitaa, na vijana walimfuata ili kujifunza. Howlin' Wolf alikuwa mmojawapo. Jumamosi usiku watu walikwenda vilabuni kunywa na kucheza, na Jumapili asubuhi walikwenda kanisani. Mpiga gitaa alikuwa na hadhira iliyojua kuchagua. Akipiga ovyo, watu wanamwachia uwanja mtupu!

Pili, palikuwa na njia. Reli ilipita katikati ya bonde kuelekea Memphis na Chicago. Kati ya 1910 na 1970 watu Weusi wapatao milioni 6 walihama kusini mwa Marekani, na wale wa Mississippi wengi waliishia Chicago. Nyimbo zilipanda treni pamoja nao.

Tatu, palikuwa na chombo, yaani santuri na redio. Katika mji wa Jackson alikuwepo mwenye duka la muziki, Mzungu, aitwaye H.C. Speir. Yeye ndiye aliyewasikiliza wanamuziki wengi Weusi na kuwaunganisha na makampuni ya santuri. Patton alipitia kwake, na Robert Johnson pia alimwendea. Baadaye, kule Memphis, kituo cha redio cha WDIA kilianza kuwatangazia Watu Weusi, na B.B. King alipata jina lake akiwa mtangazaji hapo.

Ukiondoa hivi vitatu unabaki na dhiki tupu, na dhiki tupu huzaa ukimya mara nyingi kuliko wimbo.

SHETANI AU MWALIMU?

Mfano wa Robert Johnson utatusaidia kuona ubaya wa fikra ile niliyoiandika mwaka wa kwanza. Johnson alizaliwa Hazlehurst 1911, akafa karibu na Greenwood 1938 akiwa na miaka 27. Alirekodi mara mbili tu, San Antonio 1936 na Dallas 1937, na nyimbo zake zote ni 29. Inasimuliwa kwamba alikwenda njia panda usiku wa manane akamwuzia shetani roho yake, na shetani akamfundisha gitaa.

Hadithi tamu sana hiyo. Lakini kinachojulikana ni kwamba Johnson alikuwa na mwalimu. Aliitwa Ike Zimmerman, na walikuwa wakifanya mazoezi usiku makaburini, mahali ambapo hawatamsumbua mtu. Son House alikumbuka kwamba kijana yule hapo awali alipiga vibaya hadi watu wakachukia. Kisha akapotea kwa muda, na aliporudi akawaacha wazee midomo wazi.

Hebu fikiri, msomaji. Mtu amekesha usiku baada ya usiku akijifunza, na malipo yake ni kuambiwa kwamba kazi ile aliifanya shetani! Na sisi wahakiki tunaosema kwamba kazi ile ilifanywa na dhiki, tofauti yetu na msimulizi yule ni ipi? Sote tumemnyang'anya msanii jasho lake. Mmoja kampa shetani, mwingine kaupa umaskini. Mwalimu hatajwi, na mazoezi hayatajwi.

Vivyo hivyo James Earl Jones. Alipokuwa na miaka mitano alihamishiwa Michigan na babu na bibi yake. Kigugumizi kikamshika hata akaacha karibu kabisa kusema mbele za watu kwa miaka kama minane. Mwalimu wake wa Kiingereza alipogundua kwamba kijana huyu anaandika mashairi, alimfanya akariri shairi lake mbele ya darasa. Sauti ile tuliyoisikia hadi alipofariki mwaka 2024 ilianza kurudi hapo. Kigugumizi hakikumpa sauti. Aliyempa nafasi ni mwalimu.

NANI ANAYEVUNA?

Sasa tuirudie sentensi yetu. "Msanii ni zao." Katika Kiswahili zao ni kitu kilichozaliwa, lakini pia ni kitu kinachopandwa, kinachovunwa na kinachouzwa. Tunapoandika mtihani tunakumbuka maana ya kwanza tu. Mtu wa Mississippi asingeisahau ya pili, kwa sababu alijua kwamba anayelima zao na anayelivuna si lazima wawe mtu mmoja.

Arthur Crudup alizaliwa Forest, Mississippi, 1905. Mwaka 1946 alirekodi wimbo wake "That's All Right". Mwaka 1954 kijana mwingine wa Mississippi, Elvis Presley, aliurekodi wimbo huohuo kule Memphis, na hiyo ndiyo santuri yake ya kwanza kuuzwa madukani. Elvis hakumficha Crudup. Mwaka 1956 alimtaja waziwazi. Lakini kumtaja mtu si kumlipa, na haki za nyimbo za Crudup zilikuwa mikononi mwa wengine. Wakati dunia inacheza wimbo wake, yeye alirudia kazi za kibarua, akafa 1974 bila kupata sehemu kubwa ya haki yake. Watu wawili, jimbo moja, wimbo mmoja! Zao lilikuwepo. Daftari lilikuwa la mwenye shamba, kama kawaida.

Muddy Waters yeye aliliona daftari mapema. Mwaka 1941 Alan Lomax na John Work walifika shamba la Stovall na mashine ya kurekodi. Muddy alikuwa dereva wa trekta hapo. Aliposikia sauti yake ikitoka mashineni, alieleza baadaye, aliamini kwamba naye anaweza. Mwaka 1943 akapanda treni kwenda Chicago na hakurudi shambani.

Huyu ni zao la jamii yake? Ndiyo. Lakini alikuwa msanii wa dunia pale alipokataa kuendelea kuwa zao la shamba lile. Ukitazama orodha niliyoitoa hapo juu, wengi wao wako hivyo: Jones Michigan, Cooke Chicago, Hooker Detroit, Presley Memphis, Winfrey Milwaukee na baadaye Chicago. Wamezaliwa Mississippi, wamejulikana kwingine.

Na jimbo lenyewe? Tangu 2006 limesimamisha mabango zaidi ya 200 ya kumbukumbu ya bluzi, na watalii wanakuja. B.B. King alipofariki 2015 alizikwa Indianola, kwenye makumbusho yenye jina lake. Ni jambo jema, silibezi. Lakini jimbo hilohilo lilipeperusha tangu 1894 bendera yenye alama ya waliopigania utumwa, na halikuishusha hadi 2020. Kwa miaka 14 bango na bendera vilisimama pamoja. Bango linasema "ni mtoto wetu", bendera inamkumbusha mtoto kwa nini aliondoka.

CHEMIROCHA

Kuna jambo moja linalonifanya niulize pia neno la mwisho la sentensi yetu: jamii yake ipi?

Jimmie Rodgers alikuwa mfanyakazi wa reli, akaimba, akafa kwa kifua kikuu 1933. Santuri zake zilifika hadi Kenya kwa gramafoni. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alirekodi nyimbo za Wakipsigis na kukuta jina Chemirocha. Kwa maelezo ya Tracey, jina hilo ni Jimmie Rodgers katika matamshi ya Kikipsigis, na katika wimbo wa wasichana amekuwa kiumbe nusu mtu nusu paa. Wanaimba kwa kinubi chao na kwa mahadhi yao, si yake.

Mtu wa Meridian, Mississippi, amekuwa kiumbe wa fasihi simulizi ya Bonde la Ufa bila yeye mwenyewe kujua. Zao hili ni la nani? Mimi nasema ni la wasichana wale. Wao ndio waliopanda upya, na dhiki ya Mississippi haihusiki hata chembe. Walisikia kitu kipya, wakakicheka na kukistaajabia, wakakifanyia kazi.

HITIMISHO

Sisemi tuitupe sentensi yetu. Sisemi pia kwamba sanaa haina uhusiano na hali halisi ya jamii. Atakayenielewa hivyo atakuwa amenionea. Ninachosema ni kwamba sentensi ile ni mwanzo wa uhakiki, nasi tumeifanya mwisho. Baada ya kusema "zao", mhakiki aulize angalau maswali matatu: nani alilipanda, nani alilipalilia, na nani alilivuna? Swali la kwanza litatupeleka kwa Ike Zimmerman. La pili litatupeleka kwa walimu, vilabu, makanisa na hadhira. La tatu litatupeleka kwenye daftari la hesabu, na huko ndiko Arthur Crudup anakotusubiri.

Katika mtihani ujao nadhani nitaiandika tena. Safari hii sitaweka nukta hapo.