Chokaa ya Ukutani na Mali ya Wakfu

Hapa Bujora, karibu na Mwanza, katika makumbusho ya Wasukuma, ipo nyumba ya nyasi. Nyasi zikichakaa huezekwa upya, ama sivyo mvua huiangusha. Kila niionapo huzikumbuka nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja.

Zile ni za mawe na chokaa. Lipu ya nje ikibanduka, maji hupenya ukutani na boriti huoza ncha zake. Wako wanaoziba kwa saruji, nayo hufungia unyevu ndani. Hilo ni kosa.

Basi nani amlipe fundi? Wazee wetu walikuwa na wakfu. Mtu huweka wakfu duka au nyumba, na kodi yake, kabla hajapewa mtu yeyote, hutengeneza jengo kwanza. Ndivyo walivyosema mafakihi. Mwaka 1905, chini ya himaya ya Waingereza, ikaundwa Kamisheni ya Wakfu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilichukuliwa na serikali, kodi zikawa ndogo, kuta zikasahauliwa. Mamlaka ya Mji Mkongwe iliundwa 1985, na mwaka 2000 UNESCO ikautia mji katika Urithi wa Dunia. Lakini sifa haipaki chokaa.

Ewe uliyerithi nyumba huko, fungua sanduku la babu yako. Ikiwamo hati ya wakfu, soma sharti la matengenezo.