Bunkeya: mji mkubwa ulioshindwa na njaa

Bandugu wa chama, tukisikia jina Bunkeya tunafikiri Msiri na risasi. Mimi nimesoma kilimo, njo maana leo naomba tuangalie mashamba yake.

Bunkeya ya leo ni kijiji katika teritware ya Lubudi, hapa hapa Lualaba. Lakini katika miaka ya 1880 ilikuwa mji mkuu wa dola la Bayeke, vijiji vingi vilivyotawanyika kwenye bonde moja, na wake wa mfalme wakisimamia vingine. Msiri alitoka Unyamwezi, Tanzania ya leo. Baba yake, Kalasa, alikuwa akija huku kutafuta shaba. Mtoto alibaki, akatawala. Pembe za ndovu, shaba, chumvi na watumwa vilitoka Bunkeya kwenda Benguela upande wa Atlantiki na pwani ya Zanzibar upande wa mashariki. Bunduki, baruti na vitambaa vilirudi.

Sasa uliza: watu wote hawa walikula nini? Baruti hailiwi. Chakula kilitoka kwa walimaji, na sehemu yake ilikuwa kodi ya makabila yaliyotawaliwa. Mwaka 1891 Basanga waliasi. Vita ikikaa karibu na shamba, mtu halimi: anakimbia, au analima kidogo tu kwa kujificha. Watu wakaanza kuhama Bunkeya kabla mzungu hajapiga risasi.

Msafara wa Stairs, uliotumwa kwa faida ya mfalme Leopold II, uliingia Bunkeya tarehe 14 Desemba 1891 na askari na wapagazi waliotoka pwani. Tarehe 20 Desemba kapiteni Bodson alimpiga Msiri risasi, na Bodson naye akapigwa risasi, akafa.

Mkulima wa Katanga anajua Desemba ni mwezi gani. Mvua inanyesha, mahindi ya zamani yamekwisha, mapya yangali mabichi. Hata mwaka wa amani ni kipindi kigumu. Washindi wenyewe walikaa Bunkeya wakiwa na njaa na magonjwa, na wengi wao wakafa. Mukanda Bantu, mwana wa Msiri, alihama na watu wake upande wa Lofoi. Bayeke walirudi baadaye, na mpaka leo kila tarehe 20 Desemba wanakusanyika Bunkeya kumkumbuka mfalme wao. Lakini mji ule mkubwa haukurudi.

Risasi iliua mfalme. Kilichotawanya mji, kwa maoni yangu, ni shamba lililoachwa.

Nasema hivi nikiwa Dilala, katikati ya shaba na kobalti. Kolwezi inauza madini dunia nzima, lakini bunga ya bukari yetu nyingi inatoka Zambia. Mwaka 2024 ukame ulipoharibu mahindi ya Zambia, kila mama sokoni aliona bei. Na bado shamba lililo karibu na mji likionyesha jiwe la kijani, jembe linawekwa chini, watu wanachimba.

Sisemi tuache madini, hata Msiri asingeyaacha. Nasema ardhi nzuri ya kulima karibu na Kolwezi ihesabiwe kama mali, sawa na mgodi, na ilindwe.

Kule kwenu mugini, nani analima leo, na nani ameacha? Andikeni, tusomane.