Unyayo wa Mkonge

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62. Kutokana na hiyo mashamba yakatanda Tanga, na nyuzi zikavuka bahari kwenda kusokotwa kamba.

Karne moja baadaye, William Rees na Mathis Wackernagel walibuni nchini Kanada kipimo cha unyayo wa kiikolojia: eneo la ardhi na maji linalohitajika kukidhi matumizi ya mtu au taifa. Katika hesabu hiyo, shamba huandikiwa mtumiaji wa zao, si mkulima wake. Hivyo mkazi wa Chumbageni aliweza kuwa na unyayo mdogo, ilhali ardhi iliyouzunguka mji wake ilibeba unyayo wa wageni. Alinganishaye mataifa hana budi kuuliza: kamba ilifunga mzigo wa nani?